Mtafsiri wa Koko

Sheria ya Kiingereza iliingia nyumbani mwetu siku ya Jumapili, mezani, mume wangu akiwa bado anatafuna. Alisema kuanzia kesho yake hakuna mtu atakayefungua mdomo ndani ya ua wetu kwa Kiswahili, wala kwa Kifaransa, wala kwa Kimashi cha kwao. Kiingereza kitupu. Alitangaza hayo yote kwa Kiswahili, kwa kuwa kwa Kiingereza asingeweza.

Sitaki mtu adhani namdharau mume wangu. Namcheka, ndiyo, lakini kumcheka ni haki yangu, nimeipata kanisani pamoja na pete. Kazi yake ni kuwasaidia wafanyabiashara kupitisha mizigo forodhani, pale Ruzizi, na karatasi za mizigo hiyo huja kutoka Mombasa na Dubai zikiwa zimeandikwa kwa Kiingereza. Kila siku humbidi kumpa kijana fulani amsomee, na kijana humsomea huku akitabasamu upande. Mume wangu ni mtu mwenye tumbo la heshima na viatu vinavyong'aa hata kwenye tope la Bukavu, na tabasamu lile lilikuwa linamkera kupita kiasi. Aliapa kwamba kitinda mimba wetu hatasomewa karatasi na mtu.

Basi akajiandikisha kwanza yeye mwenyewe kwenye masomo ya jioni kule Nyawera. Alitoka huko na maneno ya njoo, kaa, kula, vizuri, vizuri sana, pamoja na majina ya saruji, mabati, betri na samaki wa barafu. Kwa akiba hiyo angeweza kupitisha kontena zima mpakani, lakini asingeweza kumwuliza mke wake kama amelala salama. Na mimi nisijifanye bora. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari ya wasichana, na Kiingereza nilichofundishwa enzi zangu kinaniwezesha kusema kwamba dirisha liko wazi na kwamba kitabu kiko juu ya meza. Zaidi ya hapo natumia mikono.

Mtoto mwenyewe alikuwa msichana, mwenye umri wa darasa la kwanza, na kabla ya shule ile alikuwa mdomo mtupu. Aliongea na kuku, aliongea na mbuzi wa jirani, aliongea na jirani mwenyewe juu ya ukuta mpaka ugali wa mwanamke wa watu ukaungua. Wageni walipokuja aliwaambia bila kuombwa kwamba mama amesema huwa wanafika wakati wa chakula. Nilikuwa nikimfinya chini ya meza, naye alikuwa akiuliza kwa sauti kwa nini namfinya. Nakumbuka jioni ambazo nilimwomba anyamaze walau mpaka maji yachemke.

Shule tulimpeleka Nyalukemba, kwenye shule mpya ya Kiingereza iliyofunguliwa katika nyumba ambayo zamani ilikuwa bohari la saruji. Ukutani waliandika kwa rangi ya bluu kwamba hapa ni Kiingereza pekee. Mkuu wa shule alikuwa mtoto wa Bagira, hapahapa Bukavu, tena mama yake aliuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, soko la Kadutu na nimewahi kununua kwake, lakini alikuwa ameishi Kampala na alirudi kutoka huko na sauti ya mtu mwenye mafua. Ndani ya geti lile hakuongea lugha nyingine yoyote, hata na mzazi, hata na fundi wa choo. Ukimsalimu kwa Kiswahili alikuangalia kama ukuta unavyokuangalia.

Wiki ya kwanza binti yangu aliomba ruhusa ya kwenda kukojoa. Aliomba kwa Kiswahili, maana mkojo haungoji kamusi. Pale shuleni walikuwa na kibao cha mti chenye kamba. Mtoto akikamatwa na Kiswahili huvalishwa shingoni, naye hukivaa mpaka atakapomkamata mwenzake. Mwalimu akaona sheria kwanza, choo baadaye. Alikwenda kukitafuta kibao, akamvalisha, akamweleza maana yake kwa Kiingereza, na alipomaliza kueleza hakukuwa tena na haja ya ruhusa. Mtoto alirudi nyumbani na soksi zilizolowa. Nilikasirika siku ile na hasira hiyo bado ninayo; naitunza vizuri, haina vumbi.

Kuanzia siku ile mtoto akafunga mdomo. Nilikwenda shuleni nikamlalamikia mkuu wa shule kwa Kifaransa safi cha kufundishia, naye akanijibu kwa Kiingereza kutokea puani, nikaelewa nusu. Nusu niliyoielewa ilisema kwamba kibao kinawapa watoto bidii, na kwamba wengine wote wanaongea. Nilisimama dirishani kuwasikiliza hao wengine wote. Walikuwa wanaimba. Mwalimu aliuliza hali zao, wakapiga kelele pamoja kwamba wako salama na wanamshukuru mwalimu, na mmoja wa waliopiga kelele alikuwa na homa, jasho likimtiririka. Kisha ukaitishwa mkutano wa wazazi, mkuu wa shule akasema nyumba lazima iendeleze kazi ya shule. Mume wangu aliporudi kutoka mkutano huo ndipo tukapata ile sheria ya mezani.

Mtu ambaye hajaishi katika nyumba ya Kiingereza kitupu isiyo na Kiingereza hajui amani ni nini. Asubuhi mume wangu alisema kula. Tukala. Akasema vizuri. Akaenda kazini. Jioni alirudi akasema njoo, kaa, kula, akasema vizuri sana, akalala. Hata ugomvi ulitushinda. Siku moja alileta nyumbani samaki waliochina, wananuka tangu getini, nikataka kumwambia mambo ambayo mwanamke wa Bukavu huwa nayo tayari kwa siku kama hiyo, na kwa Kiingereza nilichokuwa nacho ningeweza kumwambia tu kwamba dirisha liko wazi. Nilimwambia. Akalifunga.

Alikuwa ametengenezesha kibao chake mwenyewe kwa seremala wa Kadutu, kizuri kuliko cha shule, kimepigwa msasa na kupakwa vanishi. Wa kwanza kukivaa alikuwa yeye. Chai ya moto ilimmwagikia pajani, akamwita mama yake kwa Kimashi, na mama yake akaitika kwa Kimashi kutoka jikoni, kwa hiyo wakakosa wote wawili.

Huyo mama yake, watoto wanamwita Koko, yaani bibi, nasi wakubwa tunamwita hivyo hivyo. Alikuwa ametoka Walungu kuja kutibiwa kiuno, na kiuno kikapona, yeye akabaki. Ni mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu, Mkatoliki wa misa ya kwanza, na hapendi kitu chochote alichokikuta Bukavu isipokuwa soda ya machungwa. Yeye ndiye aliyeivunja sheria bila hata kuipinga. Alivaa kile kibao asubuhi, akakivaa mchana, akaenda nacho sokoni na misani, akakipangusa vumbi, na watu wakamwuliza kama amejiunga na chama kipya cha sala. Alijibu kwamba ni zawadi ya mwanawe. Mume wangu alipotaka arudishiwe, Koko akakataa.

Lakini mtoto hakucheka. Hilo ndilo lililoanza kunitisha. Shuleni Kiswahili kilikuwa kosa, nyumbani Kiswahili kilikuwa kosa, na Kiingereza alichokuwa nacho kilikuwa kidogo, tena akikosea wenzake walimcheka. Basi akaacha vyote. Alionyesha kwa midomo alichotaka, chumvi, kiatu, ndoo. Alitikisa kichwa na kuinua mabega. Kuna mchana nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni nikijificha katika nyumba yangu mwenyewe, nikingoja nimsikie walau akiongea na kuku. Aliwatupia mahindi, akaingia ndani. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kama ninavyoogopa homa isiyoshuka.

Kabla ya Pasaka shule ikatujulisha msimamo wake. Ikiwa mpaka mwisho wa mwaka mtoto bado haongei, hatapanda darasa la pili. Hatarudia hata la kwanza. Atarudishwa chekechea, kwa wale wanaopanguswa kamasi na kulazwa mchana, aanze tena kuzoea. Mume wangu alisikia habari hiyo akakaa kimya, na safari hii hakikuwa kimya cha kukosa msamiati. Usiku ule aliniambia kwa Kiswahili, na hatukuhesabu kosa, kwamba pengine tumemharibu mtoto.

Ila mume wangu hawezi kuhuzunika muda mrefu bila kupanga mpango. Kanisani kwake, kule Muhungu, alikuwa anakuja mhubiri wa kutoka Nairobi, mtu wa Kiingereza kitupu. Alisema tutakwenda nyumba nzima, tukae mbele, lugha itatuingia. Mimi na Koko ni watu wa parokia. Misa yetu inaisha kabla harage halijaiva na kila mtu anarudi kwake. Ibada ya kwao inaanza jua likiwa upande mmoja na kuisha likiwa upande mwingine. Tulikwenda. Koko alibeba karanga.

Mhubiri sikumwelewa, na sidhani alikuwa na shida ya kueleweka. Aliyetushika macho alikuwa mtafsiri wake, baba mmoja mwenye suti ya rangi ya mchicha. Wale wasiojua makanisa yetu ya uamsho nawaeleza: mtafsiri hasimami pembeni kwa adabu. Anatembea bega kwa bega na mhubiri. Mhubiri akiruka, naye anaruka. Mhubiri akinong'ona, naye ananong'ona. Mhubiri akitoa leso kujifuta jasho, mtafsiri naye anatoa leso, awe na jasho au asiwe nalo. Yule baba alikuwa mzuri mno hata nyimbo za shangwe zilimfuata yeye, mhubiri akawa anangoja zamu. Mhubiri alisema maneno machache, mtafsiri akayanyoosha yakawa marefu, na tulihisi ameongeza ya kwake, na hakuna aliyedai yapunguzwe. Koko alininong'oneza kwamba ikiwa lazima tuchague mmoja, tuchukue huyu wa suti. Nilimgeukia mtoto nikamkuta amesimama juu ya kiti, mdomo wazi.

Alasiri watoto wa ua wetu na wa majirani wakacheza kanisa. Wanacheza kanisa kila wiki, si jambo geni. Hutafuta beseni la kufulia, wanalipindua, mmoja anapanda juu yake kuhubiri, na wengine wanaanguka chini na kutolewa pepo. Siku hiyo walitaka ibada yenye wageni kama waliyoiona, kwa hiyo ikabidi pawe na mtafsiri. Mtoto mkubwa wa jirani, msichana anayependa kuamrisha, alipanda beseni akaanza kuhubiri kwa Kiswahili. Nilikuwa naanika nguo. Nikasikia mtu anamfuata kwa Kiingereza.

Sikugeuka haraka. Nilibaki na shati la mume wangu mikononi likinidondokea maji miguuni. Mhubiri alisema Mungu hapendi watoto wanaoiba sukari, na nyuma yake ikaja sauti ya binti yangu, sauti niliyoanza kuisahau, ikisema kwa Kiingereza kwamba Mungu hapendi watoto wanaoiba sukari. Mhubiri akaruka, naye akaruka. Mhubiri akasema tufumbe macho, naye akasema tufumbe macho, akayafumba ya kwake. Maneno mengine yalikuwa mabovu, hata mimi wa dirisha niliusikia ubovu wake. Lakini yalikuwa mengi. Miezi yote ile tuliyodhani hana neno, alikuwa anakusanya.

Nilipokuwa namwogesha nilimwuliza, polepole, nikijifanya natafuta sabuni, imekuwaje leo ameweza. Alifikiri.

"Haiko miye niko nasema," aliniambia. "Ni ule wa beseni. Miye niko natafsiri tu."

Nimefundisha lugha miaka mingi na hakuna mkaguzi aliyewahi kunieleza jambo hilo kwa ufupi namna hiyo. Kosa likitokea ni la mhubiri. Kiswahili kimetoka katika mdomo wa mtu mwingine, kwa hiyo hakuna wa kumvalisha kibao. Na Kiingereza, hata kikipinda, si chake, ni cha ujumbe. Alikuwa amepata mahali pa kusimama.

Kesho yake hapakuwa na watoto wa jirani, walikuwa shule ya alasiri, na mtafsiri akabaki hana mhubiri. Akamfuata Koko. Koko alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anachambua sombe, majani ya muhogo, na akaambiwa aseme kitu chochote. Kumwambia Koko aseme kitu chochote ni kufungua bomba. Alianza na sombe ya mjini, ambayo ni ngumu. Akaendelea na mkwe wake, ambaye ni mimi, na chumvi yake, ambayo ni ndogo. Akapita kwa padri mpya anayekimbiza rozari. Akafika kwa mwanawe, anayevaa viatu vya kung'aa na kusahau kumnunulia mamake kanga. Mtoto akasimama kando yake akavitoa vyote kwa Kiingereza, na Koko alipopunga kisu, naye akapunga mkono. Neno likimshinda aliruka juu yake na kuendelea, kama yule baba wa suti.

Mume wangu aliingia getini katikati ya hotuba. Alimsikia binti yake akimtukana kwa Kiingereza, aya nzima, bila kupumzika. Mfuko wa mkate ulimtoka mkononi. Mama yake alisema kwamba tumbo lile halikuja kwa kazi, lilikuja kwa soda, na mtoto akatafsiri tumbo, na kazi, na soda. Mume wangu akaketi chini, palepale kwenye vumbi, na suruali yake ya ofisini.

"Muendelee, mama," alimwambia mama yake. "Munitukane tena."

Koko hakuhitaji kuombwa mara mbili. Hiyo ndiyo siku sheria ilipokufa, maana bila Kiswahili cha kutafsiriwa mtafsiri hana kazi. Nyumba ikaanza tena kusema. Tulisema zaidi ya zamani, kila mtu alitaka kutafsiriwa, na mimi nikapata nafasi ya kuyasema yale ya samaki waliochina, kwa ukamilifu, nikiwa na mtafsiri kando. Mume wangu alisikiliza lugha zote mbili akauliza neno la kuchina kwa Kiingereza. Hatukulijua, hata kamusi yangu ya zamani haikutusaidia. Mtoto alilijua. Alilisikia shuleni, alisema, mwalimu alilitumia kwa chakula cha mtoto mmoja.

Hata hivyo shuleni hakuongea. Tulifurahi mapema. Kule hapakuwa na wa kumtafsiria. Kule walimtaka aseme yake mwenyewe, wamsimamishe mbele, wamwulize jina lake kama vile hawalijui. Alisimama, aliangalia viatu vyake, akarudi kukaa. Mwisho wa mwaka ukafika, tukaitwa.

Mume wangu alikuwa amezuiliwa mpakani na mzigo wa mabati, kwa hiyo nilikwenda mimi. Koko alikuwa amekwisha vaa kitenge chake cha misa kabla sijamwambia aende au abaki. Nilijaribu kumweleza kwamba ni mazungumzo ya shule. Alisema na yeye anataka kumwona huyo Muganda. Kwa sababu ya Kiingereza chake cha Kampala tu, Koko aliamini kwamba mkuu wa shule ni mtu wa Uganda, na katika kutafuta pikipiki na kumfunga mtoto kamba za viatu sikupata nafasi ya kumsahihisha.

Mkuu wa shule alitupokea ofisini kwake, tai imebana. Alizungumza Kiingereza polepole, kwa ajili yangu, nikaelewa zaidi ya nusu. Alisema shule imefanya iwezavyo. Kisha akamgeukia mtoto akamwuliza jina lake. Kimya. Akamwuliza umri wake. Kimya. Akamwuliza rangi ya ukuta. Binti yangu aliangalia viatu vyake, na mimi nikaangalia mikono yangu, na moyoni nilimwona tayari katika kiti cha chekechea, magoti yakimgusa kidevu, mtoto ambaye alikuwa anaunguza ugali wa jirani kwa maneno. Mkuu wa shule alinyoosha mikono kuonyesha kwamba ndivyo ilivyo. Akaniambia kwamba wako watoto ambao vichwa vyao havipokei lugha.

"Huyu muntu iko anasema nini?" Koko aliuliza.

Hakuniuliza mimi. Alimwuliza mtafsiri wake. Na mtoto akainua kichwa, akasogea, akasimama kando ya kiti cha Koko, bega kwa bega, pale alipozoea kusimama nyumbani.

"Iko anasema kichwa yangu haipokeake luga," alimwambia.

Mkuu wa shule alifungua mdomo. Koko alimwahi.

"Umwambie, huyu mutoto hakuzaliwaka bubu. Alikuwaka anasema mupaka tunamuomba anyamaze. Ni bo balimufunga kinywa."

Binti yangu akamgeukia mkuu wa shule na kumwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ile ya kwenye beseni, kwamba mtoto huyu hakuzaliwa bubu. Kwamba alikuwa anaongea mpaka watu wanamwomba anyamaze. Hapo akasita kidogo, akamwangalia yule bwana, na hakusema ni wao waliomfunga kinywa. Alisema ni ninyi.

Mwalimu aliyekuwa anapita na chaki mlangoni akasimama. Koko aliendelea, maana hakuona sababu ya kuacha. Alisema shule gani hii inamkataza mtoto kuomba choo. Alisema yeye hajasoma lakini amelea watoto, na mtoto ukimtishia kila anapofungua mdomo ataufunga, hata mbuzi yuko hivyo. Alisema pia ofisi ina harufu ya saruji. Mtoto alitafsiri choo, akatafsiri mbuzi, akatafsiri saruji, Koko akinyoosha kidole naye akinyoosha kidole, na maneno yalikuja mengine yamenyooka mengine yamepinda, hayakukoma. Nililia, tena bila adabu, pua yote. Mkuu wa shule yeye alikuwa analisikia kila tusi mara mbili, maana Kiswahili chetu alikielewa tangu kwenye meza ya sambaza ya mama yake, na kwa sheria aliyoiandika mwenyewe ukutani alilazimika kukaa na uso wa mtu asiyeelewa mpaka mtoto amtafsirie.

Alipopata zamu alisema, kwa Kiingereza cha haraka sasa, kwamba mtoto ameonyesha uwezo na atapanda darasa la pili na wenzake. Akaongeza kwamba siku nyingine familia iombe nafasi kabla ya kuja. Ni hayo tu. Hata mimi nilijua ni hayo tu.

Koko alimwangalia mtafsiri.

"Anasema nitapanda na benzangu," mtoto alimwambia. Akapumua. Akamtazama mkuu wa shule, kisha akamtazama bibi yake, na akaendelea kwa utulivu kabisa. "Na anaomba pardon. Anasema habakunifanyia muzuri."

Mkuu wa shule alijua hakusema hivyo, nami nilijua, na alijua kwamba najua. Lakini angefanya nini? Akimkanusha kwa Kiingereza, Koko angeuliza anasema nini, na wa kujibu angekuwa yuleyule. Njia ya kumfikia mama yule moja kwa moja ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa imepigwa marufuku kwa rangi ya bluu. Binti yangu alimtazama akingoja, mikono nyuma, kama mtafsiri anayempa mhubiri nafasi.

Koko alifikiri, akakubali.

"Umwambie nimemusamehe," alisema. "Lakini asirudiliye."

Mtoto akamwambia kwa Kiingereza kwamba amesamehewa, na kwamba asirudie. Mkuu wa shule alilegeza tai. Kisha akainuka, akazunguka meza, akainama mbele ya Koko akimpa mikono yote miwili kama anavyofanya mtu yeyote aliyezaliwa Bagira mbele ya mzee.

"Pardon, Koko," alisema kwa Kiswahili chetu. "Ni kweli. Hatukumufanyia muzuri."

Binti yangu alikuwa ameshafungua mdomo kutafsiri. Akaufunga, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kutafsiri. Koko alimwacha yule bwana na mikono yake hewani akanigeukia mimi.

"Kumbe anajuaka Kiswahili," alisema. "Na aliacha mutoto anachoka vile."